Sauti ya Mama kwa Lugha Nyingine: Uhamaji na Urithi wa Lugha katika Maandishi ya Ken Walibora

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulijadili suala la uhamiaji kana kwamba ni jambo la ng'ambo. Mhamiaji anapotajwa, fikra humwendea Mzanzibari aliyeko Muscat, au mhusika wa Abdulrazak Gurnah anayehangaika peke yake katika mji wa Uingereza. Ni nadra fikra hizo kumwendea mkulima wa Bungoma aliyefungasha virago, akaishika barabara ya Kiminini pamoja na mke na watoto, akahamia mwendo wa saa chache tu kutoka alikozaliwa. Hata hivyo, kwa upande wa lugha, safari hiyo fupi ina mashaka yote ya ile ndefu. Mzazi huipeleka lugha yake mahali ambapo hakuna anayelazimika kuizungumza. Mtoto hukulia katika lugha ya barabarani na ya shuleni. Mjukuu humsikiliza nyanya yake akaelewa nusu. Makala haya yanalichunguza suala hilo katika maandishi ya marehemu Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa Bungoma, akakulia Trans Nzoia, akasoma na kufundisha Marekani, na kufariki Nairobi mnamo Aprili 2020. Dai la msingi ni kwamba kile kinachoonekana kuwa uhifadhi wa urithi katika maandishi haya si kuibakiza lugha ya mama kama ilivyokuwa, bali ni kuihamishia sauti yake katika lugha nyingine. Na kwamba uhamishaji huo una gharama ambayo uhakiki wa Kiswahili umependelea kutoitaja.

Lugha za Kibomet

Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Reli iliufikia mji wa Kitale mwaka wa 1926, na mashamba makubwa yaliyouzunguka yalihitaji vibarua, ambao wengi wao walitoka Bungoma iliyo jirani. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba hayo yalianza kugawanywa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Wabukusu wakaja kwa wingi, na pamoja nao Wakikuyu, Wakisii, Waluo, Waturkana na wengineo, juu ya Wasabaoti na Wapokoti ambao malisho yao yalikuwapo kabla ya walowezi kufika. Hapana shaka kwamba katika hali kama hiyo Kiswahili kilikuwa na kazi tayari kikisubiri kuifanya.

Mtaa wa Kibomet mjini Kitale ni mfano unaofaa kuzingatiwa. Jina lenyewe, kwa umbo lake na hasa kwa kiishio chake, ni la Kikalenjin. Wakazi wake wanatoka katika jamii nyingi, na wengi wanaolitamka jina hilo kila siku hawajui Kikalenjin hata kidogo. Kwa hiyo mahali penyewe pamehifadhi lugha bila ya kuwahifadhi wazungumzaji. Huu ni uhifadhi wa aina moja, na si wa kudharauliwa, lakini ni uhifadhi wa jiwe la mpaka: linaonyesha kwamba mtu alipita na halielezi alisema nini.

Shule nayo iliongeza yake. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katika maeneo yenye jamii moja, pendekezo hilo liliipa lugha ya mama miaka mitatu ya heshima. Katika miji yenye mchanganyiko, lugha ya eneo ilikuwa Kiswahili. Mtoto wa Kibukusu aliyesomea Kimilili aliweza kuanza kusoma kwa Lubukusu. Binamu yake aliyesomea Kitale alianza kwa Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka wa 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa, tofauti baina ya binamu hao wawili haikupungua.

Kinachobaki katika nyumba za aina hiyo kinafuata utaratibu unaoweza kutambulika. Istilahi za ujamaa huwa za mwisho kuondoka. Mtoto asiyeweza kuunga sentensi mbili za Lubukusu bado humwita nyanya yake kukhu na babu yake kuka, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Majina nayo hudumu. Wafula ni mtoto wa mvua, Wekesa wa mavuno, Wanyonyi wa palizi, Simiyu wa kiangazi, Wanjala wa njaa. Na mabinti wana yao, Nafula, Nekesa, Nanyonyi, Nasimiyu, Nanjala. Kalenda nzima ya mkulima imo ndani ya sajili ya darasa moja. Tatizo ni kwamba mtoto anayeitwa Wekesa leo mjini aghalabu amepewa jina hilo kwa sababu ni la babu yake, si kwa sababu mtama ulikuwa ukivunwa. Jina limesalia na msimu umeondoka ndani yake.

Wapo wanaoharakisha kuyaita mambo haya kufa kwa lugha. Istilahi hiyo haifai hapa. Lubukusu inazungumzwa na watu zaidi ya milioni moja, na huko Bungoma haijapungukiwa na nguvu. Kinachokatika ni kamba baina ya nyumba moja na nyingine, na ndiyo maana jambo hili linahitaji macho ya mhakiki wa fasihi zaidi ya takwimu za mwanaisimu.

Kuchukuliwa na shangazi

Mjadala wa lugha ya mama katika fasihi ya Afrika Mashariki umetawaliwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeshikilia katika Decolonising the Mind (1986) kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano na papo hapo ni mbeba utamaduni. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini ilijengwa juu ya uhasama baina ya lugha ya Kiafrika na lugha ya mkoloni. Katika nyumba ya Kibomet adui huyo hayuko mlangoni. Lugha inayomtwaa mtoto ni Kiswahili, lugha ya Kibantu kama Lubukusu, ambayo ndani yake mtoto huyo anazikuta sura anazozijua: efula ni mvua, enjala ni njaa. Mtoto hakuibwa na mgeni. Amechukuliwa na shangazi, na shangazi huyo anampenda. Ni vigumu kumshtaki.

Kwa upande wa pili wako watetezi wa Kiswahili ambao hawaoni kwamba kuna kilichopotea. Kwao, mwandishi wa bara anayeandika Kiswahili ameiacha kabila na kuingia taifa, na hilo linatosha. Mtazamo huu umeota mizizi katika idara za vyuo vikuu kiasi kwamba mtahiniwa anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu mwandishi wa Kibukusu, Kikamba au Kihaya bila ya kuuliza alilelewa kwa lugha gani. Swali hilo huonekana la kikabila. Kwa hakika ni swali la kifani, kwa kuwa mwandishi hupata mahadhi ya sentensi yake mahali fulani.

Mswahili aliyetumwa Kitale

Siku Njema ilitoka mwaka wa 1996 na baadaye ikateuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Kutokana na uteuzi huo, riwaya hii imesomwa zaidi kama hadithi ya subira na mafanikio. Usomaji huo si wa makosa, ila umeufunika mpango wa ajabu wa kijiografia ulio katika kiini cha kazi. Msimuliaji, Kongowea Mswahili, ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarab. Mama anafariki. Kijana anaondoka kumtafuta baba asiyemjua, na utafutaji huo unampeleka Kenya hadi upande wa Kitale.

Izingatiwe kwamba mwandishi ameupindua mwelekeo wa historia ya nyumba yao. Kwa mtoto wa Trans Nzoia, Kiswahili ni lugha iliyokuja: kililetwa na misafara, reli, polisi na mashamba ya walowezi, na kila mtu aliipokea kutoka kwa asiye mwenyewe. Walibora anamtuma Kitale Mswahili wa kuzaliwa, mwenye lugha aliyonyonya ziwani mwa mama, na kumfanya mtoto wa mahali hapo kwa upande wa baba. Kwa njia hiyo Kitale inapewa Kiswahili kama urithi wa ukoo, si kama chombo cha sokoni. Ni ndoto ya mwandishi ambaye lugha aliyoipenda haikuwa ya nyanya yake, na riwaya imeitimiza ndoto hiyo kwa kuzua undugu wa damu pale ambapo historia ilitoa ujirani tu.

Mgawanyo wa wazazi nao una maana. Mama ni sauti: anaimba, na wimbo wake ndio elimu ya kwanza ya mwana. Baba ni mahali. Mwana analo tangu mwanzo lile la mama, na linalobaki kutafutwa ni la baba. Katika familia halisi ya wahamiaji wa Trans Nzoia mambo ni kinyume: mahali papo, kwa kuwa shamba lilinunuliwa, na linalotoweka ni sauti.

Jina Mswahili lilibebwa na mhusika huyu katika kipindi chenye ubishi. Miaka miwili kabla, Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walikuwa wamechapisha The Swahili: Idiom and Identity of an African People (1994), wakitetea kuwapo kwa Waswahili kama watu wenye utambulisho wao dhidi ya fikra za kikoloni zilizowafanya ama Waarabu ama kundi lisilo asili. Katika mjadala huo, mwandishi kutoka Bungoma kumpa mhusika wake Uswahili kama jina la pili si jambo dogo. Msomaji wa pwani angeweza kuona ndani yake utekaji. Usomaji wa haki zaidi unaona ombi la kuasiliwa.

Hata hivyo riwaya ina upungufu ambao sifa zake za kilugha zimeusitiri. Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza, na kila linalosemwa bara linamfikia msomaji kupitia Kiswahili cha Tanga cha msimuliaji. Kitale yenye lugha nyingi, pamoja na Kiswahili chake chenyewe cha mashambani kilichochanganyika na Lubukusu na Kikalenjin, haipewi nafasi ya kusikika kwa kadiri inavyostahili. Mwandishi aliyeijua sauti ya mji huo kuliko mwingine yeyote katika riwaya ya Kiswahili alichagua kuuona kwa macho ya mgeni.

Wali na aula

Mwandishi huyu aliitwa Kennedy Waliaula. Aliandika riwaya zake kwa jina la Ken Walibora, na kazi zake za kitaaluma kwa jina la Ken Walibora Waliaula. Msomaji mwenye kamusi hawezi kulipita jambo hili. Katika Kiswahili neno aula, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kilicho bora. Ukilisoma jina la ukoo wa Kibukusu kana kwamba ni la Kiswahili, likakatwa mahali lisipokatwa kwao, sehemu ya pili inatafsirika: Waliaula anakuwa Walibora. Maana ya jina katika lugha ya asili haikuhusika kamwe. Kilichotokea ni kwamba sikio la Kiswahili lilisikia neno lake ndani ya neno la ukoo, likalibadilisha kwa kisawe chake.

Huu ndio utaratibu mzima wa maandishi yake kwa muhtasari wa neno moja. Nusu ya jina imebaki na nusu imetafsiriwa, na tafsiri yenyewe inategemea kusikia vibaya kwa makusudi. Wala jina la kwanza halikutupwa. Liliwekwa akiba, likarejeshwa kwenye jalada la kitabu cha kitaaluma lilikosimama nyuma ya lile jipya.

Pale lugha inapokuwa alama

Kufa Kuzikana (2003) imeandikwa upande wa pili wa miaka ya mapigano. Ghasia zilizoanza mwaka wa 1991 zilienea hadi Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon, na familia zilizohamia mashambani miaka ya sitini zikaambiwa kwamba zina kwao kwingine. Katika mazingira hayo, lugha inayozungumzwa jikoni si urithi peke yake. Ni alama inayoweza kumtambulisha mtu usiku. Watetezi wa uhifadhi wa lugha huandika mara chache kuhusu mzazi anayemnyamazisha mtoto wake kwa sababu ya hofu, si kwa sababu ya aibu.

Walibora alikwepa kuyataja makabila halisi, akabuni Wakorosho na Wakanju, na kuusimamisha urafiki wa Akida na Tim katikati yao. Ubunifu wa majina hayo unastahili kuchunguzwa zaidi ya ulivyochunguzwa. Kanju ni tunda na korosho ni kokwa yake, na vyote viwili hutoka kwenye mti mmoja. Mzaha ni mchungu na uko wazi kwa anayejua Kiswahili. Lakini majina yenyewe ni ya mti wa pwani, usioota Trans Nzoia. Uhasama wa bara umevishwa mimea ya pwani, na kwa kufanya hivyo mwandishi amejinyima uwezo wa kuonyesha jinsi uhasama huo unavyosemwa: kwa lafudhi ipi, kwa tusi lipi, kwa namna gani ya kuamkuana. Stiari imemlinda mwandishi na wasomaji wake, na imelinda pia kimya.

Kumuse na tawasifu

Katika Nasikia Sauti ya Mama (2014) stiari inawekwa kando. Hii ni tawasifu, na kichwa chake kinalitaja lile ambalo riwaya zilikuwa zikilizunguka. Sauti ya mama inasikika. Na kitabu chote ni cha Kiswahili sanifu. Kwa Lubukusu, mama ni mayi. Msomaji anayelijua neno hilo analisikia chini ya kichwa cha kitabu kila anapokiangalia, na hapo ndipo swali la uhifadhi linapofikia ukali wake: mwandishi anaposema anaisikia sauti, kile alichokiandika ni sauti hiyo au ni ushahidi kwamba aliwahi kuisikia?

Jibu la haraka ni kwamba hii ni hasara, na kwamba kumbukumbu ya kweli ya Kibukusu inapatikana kwingine, katika kumuse. Inafaa jibu hilo lipimwe kwa makini. Kumuse ni hotuba ya mazishi, inayotolewa baada ya maziko na mwenye kipawa hicho, omuswali, akitembea huku na huko katika uwanja ulioachwa wazi katikati ya waombolezaji. Ndani yake mna nasaba, historia ya uhamaji wa ukoo tangu asili, maonyo kwa walio hai na suluhisho la magomvi. Hakuna utanzu unaofaa zaidi kuitwa hifadhi ya jamii iliyohama, kwa maana kila kumuse inapotolewa kwenye shamba la Trans Nzoia inakifunga kipande hicho cha ardhi iliyonunuliwa kwenye safari ya karne nyingi. Lugha yake ni Lubukusu nzito, yenye methali na majina ambayo kijana wa mjini hayafuati. Husimama pale kwa heshima, naye haelewi.

Lakini kumuse ina masharti. Haitolewi kwa kila maiti. Kimapokeo ni ya mzee mwanamume, mwenye umri na hadhi, na nasaba inayosimuliwa ni ya upande wa baba. Mama hutajwa humo kama aliyezaa. Hapawi mahali pake yeye mwenyewe, wala hapana nafasi ya mwana kusimama na kueleza jinsi mama huyo alivyokuwa akisema naye walipokuwa wawili tu. Utanzu uliokamilika kuliko tanzu zote za lugha ya asili hauna nafasi ya sauti ambayo kitabu cha Walibora kinajaribu kuirudisha.

Hapa ndipo hoja ya gharama inapogeuka na kuwa na pande mbili. Tawasifu ya Kiswahili imepoteza lugha ya mama ilipopata uwezo wa kumweka mama katikati. Kumuse imeihifadhi lugha na kumwacha mama pembeni. Mhakiki anayetaka kuchagua baina ya hizo mbili kwa kipimo cha uasili peke yake atajikuta ameichagua lugha ya mama dhidi ya mama. Pengine ni kwa sababu hiyo kwamba usemi wenyewe, lugha ya mama, haufai kutumiwa bila tahadhari: katika utamaduni wa kuhama na kurithi shamba, lugha iliyopewa jina la mama imekuwa ikilindwa kwa taratibu za akina baba.

Daraja moja zaidi

Walibora alichapisha hadithi yake ya watoto, Ndoto ya Amerika, mwaka wa 2001, kabla ya yeye mwenyewe kuifikia nchi hiyo. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka wa 2009, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kisha akarejea nyumbani. Kidagaa Kimemwozea ilitoka mwaka wa 2012. Katika uhamaji huo wa pili lugha zilibadilishana nafasi. Kiswahili, ambacho Kitale kilikuwa lugha ya nje ya nyumba, huko Ohio ndicho kilichokuwa cha nyumbani, cha kutamaniwa na cha kuhofiwa kwamba watoto watakipoteza. Kila uhamaji huipandisha lugha daraja moja: iliyokuwa ya barabarani huwa ya jikoni, na iliyokuwa ya jikoni huwa ya kaburini.

Jambo hilo halikumpata yeye peke yake. Mũkoma wa Ngũgĩ, mwana wa mtetezi mkuu wa lugha ya mama, huandika riwaya zake kwa Kiingereza. Na ndiye aliyeshiriki kuanzisha, mwaka wa 2014, tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili. Kikuyu cha baba, Kiingereza cha mwana, na Kiswahili cha tuzo: wanaopenda nasaba zilizonyooka hawatafurahishwa na familia hiyo, ila ndivyo urithi unavyokwenda.

Katika idara za fasihi hali ya sasa haisaidii kuliona jambo hili. Siku Njema husomwa katika kozi ya riwaya ya Kiswahili. Kumuse husomwa katika kozi ya fasihi simulizi, mara nyingi kwa tafsiri ya Kiingereza, katika idara nyingine na pengine jengo jingine. Mwanafunzi kutoka Kitale au Bungoma anayeingia katika majengo yote mawili huandika tasnifu ya utanzu mmoja na kuuacha mwingine mlangoni. Tawasifu ya 2014 bado inasubiri msomaji wa namna hiyo, atakayeisoma kwa sauti, sentensi kwa sentensi, akitega sikio kwa mpangilio wa maneno ambao si wa Tanga, na kuweka alama pembeni kila anapomsikia mayi.